Gambuti na daftari: kisa cha beisi moja ya Mathare

Jumamosi moja ya mwaka 2023, kabla ya saa mbili asubuhi, mama mmoja wa Mathare, mtaa wa mabanda ulio bondeni jijini Nairobi, alinipigia simu kuniambia kwamba mwanawe wa kwanza amepigwa risasi kando ya mto. Hakuwa analia. Alinieleza mambo matatu kwa utaratibu, kama mtu anayemtuma mtoto dukani: kijana ameangukia wapi, milio ilikuwa mingapi, na kwamba alikuwa amevaa gambuti, viatu vya mpira vya kazi ya maji. Hilo la mwisho akalirudia. “Gambuti, mwanangu. Nani huenda kuiba na gambuti?”

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea mtaani, na kisa hiki nimekaa nacho kuliko vingine vyote kwa sababu nilikijua kabla ya risasi na nikaendelea kukijua baada yake. Vijana wengi huwa tunawajua siku ya mwili tu. Sitataja familia wala kituo cha polisi, na mambo machache madogo nimeyabadilisha ili watu wasitambulike. Aliyekufa nitamwita Mkubwa, na ndugu yake aliyebaki nitamwita Mdogo.

Nilipofika, mwili ulikuwa umeshaondolewa. Pikipiki aliyokuwa akiiosha ilikuwa bado imesimama kwa stendi yake, povu limekauka juu ya tangi na kuacha alama nyeupe, upande mmoja safi, upande wa pili matope matupu. Mwenye pikipiki alikuwa amekaa juu ya jiwe hatua kadhaa kutoka hapo, anaogopa kuichukua na anaogopa kuiacha. Brashi ilikuwa imeelea ikanasa kwenye mizizi. Nilipiga picha. Maganda ya risasi hayakuwepo hata moja. Mtu alikuwa ameyaokota, na hawakuwa watoto, kwa maana watoto walizuiwa kusogea mpaka landrova ya polisi ilipoondoka.

Taarifa ya polisi ilitoka mchana, kwa maneno ambayo mkazi yeyote wa Eastlands anaweza kuyakariri. Washukiwa watatu wa wizi wa mabavu waliamriwa kusimama, wakakaidi, wakafyatua risasi, maafisa wakajibu, mmoja akauawa, wawili wakatoroka na majeraha. Bastola moja ya kienyeji na risasi moja zikapatikana. Mtaani chuma cha namna hiyo kina jina lake: bonoko, bunduki bandia ambayo watu husema huwekwa kando ya maiti. Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kuapa ni nini kilichokuwa mkononi mwake. Watu wawili waliokuwepo waliniambia ni brashi.

Kwenye mochari ya jiji aliandikishwa kama mwanamume asiyejulikana. Kitambulisho chake kilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni kisije kikalowa maji ya kazi. Mhudumu wa mochari ndiye aliyekitoa, mbele ya mama, bila hata kukitafuta.

Mama wa sukuma

Sasa niseme jambo ambalo sisi tunaotetea haki huwa tunalipita mbio. Mkubwa alikuwa mwizi. Hakuwa mwizi wa kila siku, na alipoanza kunifahamu alijaribu kunificha, lakini alikuwa mwizi na baadhi ya wenzake walikuwa wabaya kumshinda.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mama anayeuza sukuma kwenye kona ya steji alikabwa ngeta, yaani shingo kwa nyuma ili aibiwe, saa kumi na nusu alfajiri akielekea Marikiti kununua mboga. Alikuwa na shilingi 3,400, mtaji wake wote, na simu ya kubonyeza. Alipong’ang’ania mkoba akachomwa kisu. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunji mpaka leo, na ukitaka kujua ugumu wa hilo, mtazame akikata sukuma: jani hulishikilia kwa kiganja, kisu kikipita karibu mno na dole gumba.

Nilikwenda kwake wiki moja baada ya mazishi. Hakunikaribisha kwa maneno, alinisogezea ndoo nikae. “Sauti nilimjua,” akaniambia. “Alisema, mathe, toa pesa. Mathe! Mimi nimembeba huyo mgongoni akiwa na surua.” Nikamwuliza kama aliripoti. Aliripoti. Aliandikiwa namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, kwenye kipande cha karatasi, ambacho bado anacho ndani ya Biblia, kisha akaambiwa kwamba akitaka wafuatilie, atoe pesa ya mafuta ya gari. Pesa hiyo ndiyo iliyokuwa imeibwa.

Nikamwuliza alijisikiaje aliposikia kijana ameuawa. Alifikiri. “Sikufurahi,” akasema. “Lakini usiku huo nililala.”

Hakuna mjadala wa polisi na magenge Nairobi utakaokuwa wa kweli usipoanzia kwenye ndoo ile. Watu huuliza kwa nini wakazi wa mabandani wenyewe hushangilia vijana wao wakipigwa risasi. Machi 31, 2017, video kutoka Eastleigh, ng’ambo tu ya Juja Road, ilionyesha mtu mwenye nguo za kiraia akimmiminia risasi kijana aliyekwisha kudhibitiwa, mchana kweupe, mbele ya umati. Wengi jijini walipiga makofi. Miaka hiyo kulikuwa na kurasa za Facebook zilizotumia jina la Hessy, jina la bandia lililohusishwa na polisi, zikichapisha picha za vijana na maonyo, na baadaye picha za maiti zao. Picha ya Mkubwa nayo iliwekwa kwenye ukurasa wa aina hiyo wiki tatu kabla ya Jumamosi ile, yeye na wengine watatu, na chini yake watu wameandika “fagia”. Baadhi ya walioandika nawajua. Wawili kati yao wamewahi kukabwa ngeta. Mtu aliyekwenda kuripoti akaombwa mafuta ya gari hana mahali pengine pa kupeleka hasira yake.

Kwa hiyo simlaumu mama wa sukuma kwa usingizi wake. Ninachouliza ni kama risasi ile ilimpa kitu kingine chochote zaidi ya usiku mmoja. Mtaji haukurudi, simu haikurudi, aliyeshika kisu yeye hamjui mpaka leo, kwa maana Mkubwa ndiye aliyesema “toa pesa” na kisu kilitoka nyuma.

Daftari

Niliona daftari mara ya kwanza mwaka 2019. Ni daftari la shule la kawaida, jalada la bluu, jedwali la kuzidisha nyuma. Mkubwa aliacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo lakini alipenda hesabu, na ndiye aliyekuwa mweka hazina wa beisi yao, kijiwe cha vijana wanaofanya kazi na kuchanga pamoja. Alipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza tarehe, ya pili pikipiki, ya tatu maji, ya nne choo, ya tano taka. Safu ya sita ilikuwa na kichwa “mambo”, na nilielewa bila kuelezwa. Kila Ijumaa kulikuwa na mstari mmoja upande wa matumizi: ldr 1000. Nikamwuliza ldr ni nini. “Landrova, sista.”

Beisi ile ilianza mwaka 2015 na vijana wanane. Kabla ya hapo walikuwa na kibarua cha NYS, Huduma ya Taifa ya Vijana, ule mpango wa vijana wa mabandani kufagia mitaro, kujenga vyoo na kufungua barabara. Kashfa ya shilingi milioni 791 ilipolipuka, kazi ikakatika na nguo za kazi zikabaki mtaani kama ushahidi. Wanane wale walikuwa wamezoeana. Wakachanga, wakanunua pampu ya mitumba, wakaanza kuosha pikipiki. Baadaye wakajiunganishia bomba la maji bila ruhusa na kuuza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5. Choo kilichojengwa na wafadhili na kuachwa bila msimamizi wakakichukua, shilingi 10 kuingia. Wakawa wanazoa taka nyumba kwa nyumba.

Hebu tazama safu tatu kati ya hizo tena. Maji, choo, taka. Kila moja ni kazi ambayo jiji lingetakiwa kuifanya na haikufika bondeni. Wengine husema chanzo cha magenge ni uvivu au bangi. Daftari lile linaonyesha vijana waliofanya kazi siku sita kwa wiki. Tatizo ni kwamba maji yao yalikuwa ya wizi, na mtu anayeuza maji ya wizi hawezi kwenda kituoni kulalamika kwamba beisi ya juu imemkatia bomba. Mwaka 2016 bomba lilikatwa mara tatu. Mara ya tatu wakanunua panga nne. Zimo kwenye daftari, zimeandikwa “vyombo”.

Wazee wa Mathare wameshaiona sinema hii. Novemba 2006 bonde zima liliwaka kwa vita vya Mungiki na Taliban, magenge mawili ya hapa Nairobi, na kiini chake kilikuwa ushuru wa chang’aa na wa nyumba. Kabla yake, Machi 2002, zaidi ya watu 20 walikatwakatwa Kariobangi usiku mmoja katika ugomvi wa makundi hayo hayo, na serikali ikapiga marufuku makundi 18. Mwaka 2010, baada ya Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa, orodha ya marufuku ikawa na makundi 33. Desemba 2016 ikawa na takriban 90. Bomba halikuwekwa kwenye orodha yoyote, na bomba ndilo walilokuwa wakipigania.

Kisha kuna safu nyingine ambayo Mkubwa hakuipa kichwa. Julai 2017 kuna mstari: “tisheti 15, 500 kila mtu.” Wiki moja baadaye: “usalama mkutano, 12,000.” Mambo hayo yanarudi mwaka 2022, bei ikiwa juu kidogo. Ndiyo miezi pekee ambayo mstari wa ldr haupo, maana mtu mzito alikuwa amezungumza na wenye gari. Sitamtaja, na kwa kisa hiki haijalishi alikuwa wa mrengo gani. Miaka ya 1990 tulikuwa na Jeshi la Mzee, kundi la wahuni wa kisiasa. Juni 10, 1999 vijana wa kukodiwa walimpiga mchungaji Timothy Njoya nje ya Bunge, polisi wakiwepo. Juni 17, 2025 tuliona tena wanaume wenye rungu na mijeledi juu ya pikipiki katikati ya jiji, wakiwapiga waandamanaji polisi wakitazama. Kijana wa beisi anapoona kwamba panga lake hushikwa na landrova mwezi huu na kulindwa na landrova mwezi ujao, hujifunza jambo moja tu kuhusu sheria, nalo ni kuuliza nani anailipia.

Kuna kipindi kimoja cha daftari nimekirudia mara nyingi. Kati ya katikati ya 2020 na mwanzo wa 2022, safu ya “mambo” iko karibu tupu. Ndicho kipindi cha Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua vya vijana, ambapo sita kati yao walikuwa wakilipwa shilingi 455 kwa siku wakizibua mitaro. Najua kulikuwa na kafyu pia sehemu kubwa ya muda huo, na alfajiri watu walikuwa wachache njiani, kwa hiyo siwezi kusema pesa ile peke yake ndiyo iliyofanya kazi. Lakini kafyu iliondolewa Oktoba 2021 na safu ikaendelea kuwa tupu mpaka vibarua vilipopungua. Mama wa sukuma alikabwa baada ya hapo.

Bei mbili

Mkubwa alikamatwa mara nne maishani mwake. Nilimsaidia mama yake kuorodhesha baada ya mazishi, kwa sababu kila mara alikuwa ameuza au kukopa kitu, na akina mama hukumbuka kilichouzwa.

Mara ya kwanza ilikuwa 2018, kwenye msako, kosa lake likiwa kusimama. Shilingi 2,000. Mara ya pili ni 2019, akiwa na simu isiyo yake: 15,000, na friji ikaondoka. Hapo ndipo mama alipokuja kwetu na nikaanza kumjua kijana. Mara ya tatu ni 2020, kuvunja kafyu: 3,000 na kofi. Mara ya nne, mwisho wa 2022, alishikwa na bastola. Hii haikuwa bonoko. Ilikuwa bastola ya kiwandani, ya kukodi, na aliikodi kwa usiku mmoja. Beisi ilichanga 60,000 kwa siku mbili. Aliachiliwa Jumapili usiku kupitia mlango wa nyuma. Bastola haikuonekana tena na haikuandikwa popote.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Nilitafuta jina la Mkubwa kwenye rejista za mahakama ya Makadara. Halimo. Kwa miaka mitano alikamatwa mara nne, familia na wenzake wakalipa shilingi 80,000, na mbele ya hakimu kijana huyu hakuwahi kuwepo duniani.

Hapa ndipo penye moyo wa kisa chote, kwa maoni yangu. Tumezoea kuzungumzia rushwa ya polisi kwenye sentensi moja na mauaji ya polisi kwenye nyingine, kana kwamba ni magonjwa mawili. Kwa Mkubwa yalikuwa kitu kimoja. Kituo kilikuwa na bei mbili kwake: bei ya kumwachilia na bei ya kummaliza. Kilichokuwa katikati, yaani upelelezi, mashtaka, shahidi, hakimu, kifungo au kuachiliwa kwa haki, hakikuwepo. Na waliofanya katikati isiwepo ndio hao hao waliosema baadaye kwamba hakukuwa na njia nyingine ila risasi.

Nilizungumza na sajini mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu, aliyefanya kazi Eastlands miaka mingi. Hakukataa. “Binti yangu, ukimpeleka kortini, wiki ijayo yuko nje kwa dhamana,” akaniambia. “Shahidi anaogopa, anahama. Faili linakaa. Na mimi ninaishi wapi? Ploti moja na mama yake.” Kuna ukweli katika hayo. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2018 kwamba askari wakodi nyumba miongoni mwa raia, maafisa wengi wa chini wanapanga chumba kimoja mtaa ule ule wanaoulinda, wanachota maji ya bomba lile lile la wizi. Hofu yao ni ya kweli. Lakini nilipomwuliza sajini ni mashahidi wangapi aliowahi kuwaombea ulinzi, alikunywa chai yake akabadilisha mazungumzo.

Polisi wa Nairobi hawakuanza jana kuyaona mabonde haya kama eneo la adui. Mathare ilibomolewa mwaka 1953 kwa kuwa ilikuwa ngome ya Mau Mau. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jiji lilizingirwa na zaidi ya watu 20,000 wakazuiliwa. Sheria ya uzururaji iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni haikufutwa mpaka 1997, na roho yake bado inapanda landrova kila kunapofanyika msako wa vijana “waliosimama”. Tume ya Waki ilipochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Februari 2009 Philip Alston alikuja kwa niaba ya Umoja wa Mataifa na kusema waziwazi kwamba polisi wanaua bila kuwajibishwa. Machi 5 mwaka huo, Oscar Kamau King’ara na John Paul Oulu, waliokuwa wamekusanya ushahidi wa mauaji hayo, walipigwa risasi ndani ya gari lao karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ndipo zikaja Katiba mpya, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 na IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Sheria ziko sawa. Ratiba ya Sita ya sheria ile inaeleza lini afisa anaweza kutumia bunduki, na inamtaka aripoti mtu anapokufa. Nimeibeba nakala yake kwenye mkoba wangu mpaka kurasa zimelegea.

Faili ambalo halikufunguliwa

Fikiria Mkubwa angepelekwa Makadara ile mara ya nne. Kesi ya bastola ina namba ya bastola. Namba ina historia: iliingia nchini lini, ilikuwa ya nani, ilipotea lini, au kama haikupotea. Simu yake ingekuwa na namba ya aliyemkodishia. Ingekuwa na namba za aliyeleta tisheti. Wakili wa serikali angemwuliza pesa za beisi zinakwenda wapi, na daftari lingesomwa mbele ya watu, Ijumaa kwa Ijumaa. Mama wa sukuma angeitwa na ile karatasi ya OB. Huenda Mkubwa angefungwa miaka mingi, na kwa ngeta zake nadhani alistahili kufungwa. Angekuwa hai gerezani na mdomo wake ungekuwa hai pia.

Wanaosema risasi inapunguza uhalifu husahau kuhesabu kile inachozika pamoja na mwili. Mwenye kukodisha bastola yuko wapi? Yuko kazini. Mtu mzito? Alichaguliwa. Aliyechoma kisu? Ndiye kiongozi wa beisi sasa.

Tuliripoti kwa IPOA. Tulihudhuria upasuaji wa maiti, na daktari akaandika majeraha mawili ya kuingilia, moja likiwa mgongoni. Mwenye pikipiki aliandikisha ushahidi, halafu wiki ya pili akaiuza pikipiki na kurudi ushago. Simlaumu yeye pia. Sheria ya uchunguzi huru wa vifo ilipitishwa mwaka 2017 na kwa miaka mingi ikabaki karatasini, kwa hiyo aliyepaswa kuthibitisha jinsi Mkubwa alivyokufa ni kituo kile kile kilichotoa landrova.

Aliyempa mama nguvu ya kuendelea hakuwa mimi. Ni mtandao wa akina mama wa waliouawa, wanaokutana Mathare na kwenda kortini pamoja, kesi ya mmoja ikiwa kesi ya wote. Aliyewaongoza, Benna Buluma, ambaye wengi walimjua kama Mama Victor, alipoteza wana wawili kwa risasi Agosti 2017, akageuza msiba wake kuwa kazi ya kila siku. Usiku wa mafuriko ya Aprili 2024 maji ya mto Mathare yalimchukua. Mama wa Mkubwa alimwomboleza kuliko nilivyomwona akimwomboleza mwanawe. Mwezi uliofuata tingatinga zikaja kubomoa nyumba za kando ya mto, na beisi ikaondoka pamoja nazo, pampu, choo na jiwe alilokalia mwenye pikipiki.

Nimeulizwa kwenye mikutano nini kifanyike, na huwa natamani kuwapeleka waulizaji Dandora, kwenye nyua ambazo vijana walizisafisha, wakazipaka rangi na kupanda miti, wakazi wakilipa ada ya wazi kwa usafi na ulinzi. Kazi ni zile zile za daftari la Mkubwa. Tofauti ni kwamba ada inajulikana na ugomvi una mahali pa kusuluhishwa. Kwa upande wa polisi ombi langu ni dogo mno kiasi kwamba watu hudhani natania: kila kukamatwa kuandikwe, kila bastola iandikwe namba, kila mtu afike kortini ndani ya saa 24. Vikosi maalumu tumeviona vikiundwa na kuvunjwa, Kwekwe, Flying Squad, na kile cha SSU kilichovunjwa Oktoba 2022. Kitabu cha OB kinachoandikwa kwa ukweli hatujawahi kukijaribu.

Mdogo alikuwa na miaka 16 kaka yake alipouawa. Siku ya mazishi alivaa zile gambuti. Mochari ilikuwa imezirudisha ndani ya mfuko wa plastiki, na mama hakuwa na nguvu za kumkataza. Mwaka 2025 alikuwa na miaka 18. Beisi mpya iko juu karibu na barabara, maji yanatoka bomba jingine, na yeye ndiye mweka hazina, kwa sababu na yeye anaweza hesabu.

Mwaka huo alinionyesha daftari. Ni lile lile. Kurasa za kaka yake zinaishia Ijumaa, siku moja kabla, na hati yake inaanzia mstari unaofuata bila kuacha nafasi. Hatumii rula. Safu ya sita imejaa tena. Kila Ijumaa inasema ldr 1500. Nikamwuliza kwa nini imepanda.

“Walisema mafuta imepanda, sista.”

Nikamwomba ruhusa nipige picha ukurasa ule. Alinyamaza kidogo, akatazama barabarani, kisha akaufunika kwa kiganja mahali palipoandikwa majina ya wenzake na kuniachia safu ya Ijumaa wazi. Nimeichapisha na kuiweka kwenye faili la kaka yake, nyuma ya picha ya pikipiki iliyooshwa upande mmoja.